Kibanzi cha Baba Kariuki

Nilipokuwa mtoto kule Mukurweini, kibanzi kikitolewa mwilini hakikutupwa. Kilitiwa motoni papo hapo. Cucu, mama yake baba, alituambia kibanzi kisipochomwa humrudia mtu yule yule. Ila kikirudishwa kwenye mti wake, humgeukia mwenye mti. Leo nimeajiriwa, naishi Ruring'u kwenye nyumba ya ghorofa, na bado sijawahi kutupa kibanzi kwenye pipa.

Jirani yetu wa upande wa chini, Baba Kariuki, alikuwa mtu wa tamaa. Cucu alipolazwa hospitali, jirani huyo aling'oa matoka, yale maua ya mpakani ambayo kwetu hakuna anayethubutu kuyagusa. Akajenga ua wa mbao zisizopigwa randa ndani ya shamba letu, akameza safu nzima ya migomba ya Cucu. Cucu aliporudi alitazama, akaingia ndani. Mimi nilienda kuutingisha ule ua kwa hasira, na kibanzi kikaniingia kiganjani.

Cucu alinikalisha mlangoni penye mwanga. Alinawa mikono kwa sabuni, akaosha na wangu, akachemsha sindano na kibano kwenye sufuria ndogo.

"Usifinye, itavunjikia ndani," aliniambia. "Inatoka na njia yenye iliingilia."

Alifungua ngozi kidogo tu juu ya ncha, akakishika kwa kibano, akakivuta polepole, akaniosha tena. Halafu badala ya kwenda jikoni, alitoka nacho hadi kwenye ua wa Baba Kariuki, akakisokomeza katika ufa wa mbao.

"Cucu, si unachoma?"

"Hii si yetu. Wacha irudi kwao."

Haukupita muda mrefu. Baba Kariuki alikuwa akipigilia misumari kwenye ua ule ule, kibanzi kikamwingia chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Alikichokoa kwa kisu cha kukatia majani ya ng'ombe, akafinya, kikavunjikia ndani. Mkono ukavimba. Nilifurahi, na silisemi hilo kwa aibu.

Alikuja kwetu ameushika mkono kifuani.

"Mama, nimesumbuka na hii mkono. Watu wanasema ni wewe tu unaweza."

"Kaa hapo nichemshe sindano," Cucu alimwambia, kisha akabadilisha nia. "Ama usikae. Maji ikichemka, nataka nione matoka imerudi mahali yake. Si uko na mkono ingine?"

Alienda. Alipiga magoti mpakani akachimba kwa mkono wa kushoto, jasho likimtoka. Cucu alikuwa kwenye kigoda chake, na nilimwona kwa macho yangu akivuta kuni moja nje ya moto ili maji yasifanye haraka.

Shina la mwisho liliposimama, Cucu alimsafisha, akakitoa kipande kilichokuwa kikionekana. "Hiyo kufura ni ya daktari. Enda leo, udungwe na ya pepopunda."

Baba Kariuki hakuondoka. Aliutazama moto.

"Mama, hauchomi?"

"Hii nitakaa nayo," alisema Cucu, akakitia katika kibiriti kitupu, akakificha ndani ya leso. Kesho yake ua ulikuwa umeng'olewa.

Najua vizuri kwamba kilichomvimbisha ni kisu kichafu. Lakini mwaka jana, Cucu akiwa ameshazikwa, Kariuki alinikuta kule nyumbani kwa Cucu, akiwa na mpimaji wa ardhi, akisema migomba ile ni ya kwao. Sikubishana naye. Niliweka mezani kile kibiriti alichoniachia Cucu, nikamuuliza kama ule mkono wa baba yake bado unamsumbua wakati wa baridi.

Alirudisha kiti nyuma. "Nyambura, si uchome tu hiyo kitu."

Nilimwambia jikoni kwangu natumia gesi. Aliondoka na mpimaji wake, na hajarudi.

Zamani nilidhani Cucu alitaka shamba lake tu. Sasa naona alitaka pia yule mtu aogope maisha yake yote, na mimi simlaumu. Binti yangu nimeshamfundisha kuosha mikono, kuchemsha sindano na kukivuta kibanzi bila kukivunja, na atamtolea yeyote atakayebisha mlango. Kibiriti nitamwachia yeye.