Ngozi Iliyokatwa Miguu

Ukasha Saleh ni fundi nguo wa Rubwera ambaye hawezi kukaa. Anapima suruali amesimama, anakunywa chai akitembea, na ameshafungua na kufunga vibanda Bukoba, Ngara, Kayanga na Songambele. Miji ya mipakani ina watu wengi wa namna hiyo. Wanakuongelesha huku macho yao yako barabarani. Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, alianza kuitaja Kahama. Mkewe, Adija, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nenda salama, Baba Samiha," akasema. "Mimi na mtoto tupo hapa hapa."

Hakuwa anatania, na Ukasha alijua. Ndiyo maana Jenifa alipoingia na ngozi ya ndama mkononi, aliikubali kazi kabla hajaielewa. Jenifa anaongoza kikundi cha ngoma cha Walutheri wa Mabira. Walikuwa wamechoka kucheza na fulana. Walitaka kuvaa kama Wanyambo wa zamani, wenyeji wa huku, kabla vitambaa havijawa vingi: ngozi iliyolainishwa kwa samli, inayoning'inia begani. Waanze na moja ya majaribio. Ikifaa, kikundi kizima kitashonewa, na Ukasha atakuwa na sababu ya kubaki. Isipofaa, ni Kahama, peke yake.

"Mtu wa pwani sasa anashona ng'ombe!" wakamcheka majirani wa kibarazani.

"Pwani katoka babu yangu," akawajibu. "Mimi nilikwenda mara moja, nikarudi na malaria."

Akaanza kama anavyoanza siku zote: akatandika ngozi mezani, akatafuta pembe nne. Ngozi haina pembe. Ina shingo, ina mkia, ina miguu inayochomoza kila upande, na kwa jicho la fundi wa vitambaa hayo yote ni mabaki. Akapiga chaki, akakata, mpaka pakabaki mstatili safi. Cherehani ikavunja sindano, kwa hiyo kingo akazipinda kwa mkono, kwa mishono midogo iliyobanana, ile ile anayoshonea kola za kanzu.

Jenifa akaja kuitazama pamoja na mama yake, Kokwijuka, ambaye utotoni alimwona bibi yake amevaa ngozi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Kokwijuka akaigeuza huku na kule. "Miguu iko wapi?"

"Nimenyoosha kingo, bibi."

"Na begani atafungia nini? Miguu ndiyo kamba yake. Wewe umenishonea mkeka!"

Jenifa akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Ukasha alikuwa ameshainama kwenye kapu la vipande, anachambua miguu.

Akaiunga miwili jioni ile ile, ukingo kwa ukingo, kwa mishono yake ya kanzu. Kesho yake Jenifa akaifunga ngozi begani na kuingia uwanjani Mabira. Ngoma ikakolea, akaruka, akaruka tena, na mguu mmoja wa ngozi ukaachia. Haukukatika uzi. Ilichanika ngozi yenyewe, kwenye mstari wa matundu, kama tiketi inavyochanwa.

"Nimeitoboa mno," Ukasha akasema. Akaichukua, akapanda bodaboda bila kuaga.

Nyumbani, Adija alikuwa mlangoni anamenya ndizi.

"Imechanika?"

"Imechanika."

"Ngozi, au wewe?"

Gari la Kayanga lilikuwa linapiga honi, linaita abiria. Ukasha akasimama akilitazama mpaka likaondoka, kisha akaenda kwa fundi viatu kuazima sindano nene.

Safari hii alipandisha kipande juu ya kipande, mbali na yale matundu ya kwanza, akashona kwa ukanda mwembamba alioukata kwenye shingo ya ndama. Mshono mmoja, nafasi ya kidole, mshono mwingine. Kazi hiyo haifanyiki kwa kusimama. Ilibidi aketi sakafuni, abane ngozi kwa magoti, asukume sindano kwa mikono miwili. Miguu ilimcheza chini kama ya mtu mwenye homa. Mara mbili aliinuka, akafika mlangoni, akarudi.

Jumamosi Jenifa akaivaa, akaruka tena, kwa nguvu zaidi, makusudi. Kokwijuka akamsogelea, akauvuta mguu wa ngozi kama anayekamua. Haukuachia.

"Sasa ni nguo," akasema.

"Tunataka za wote, fundi," Jenifa akasema, bado anahema. "Ila ngozi hatuna mpaka watu wachinje. Krismasi."

Ilikuwa Juni. Ukasha akaangalia barabara. Adija, aliyekuja na mtoto mgongoni kushuhudia, akamwangalia yeye.

"Krismasi," Ukasha akasema taratibu, kama anayeonja dawa. "Haya, leteni. Na miguu yake."

"Umemsikia, Jenifa?" Adija akasema. "Mimi sikumshurutisha."