Jina Langu Juu ya Damu ya Mama Odile

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya utafiti ya Dilala, Daktari Mkuu alinipa koti jeupe, kisha akaomba mkono wangu achome sindano. Ndiyo ilikuwa desturi: mirija ya damu ya wagonjwa iliandikwa namba, lakini damu ya kulinganishia tuliitoa sisi wafanyakazi, nayo iliandikwa majina yetu.

Tulichunguza seli za ulinzi ziitwazo gamma-delta. Seli ndugu zao nyingi husubiri zionyeshwe kipande cha protini ndipo ziamke. Hizi hazihitaji. Tulichukua majimaji ya vijidudu vya kifua kikuu, tukayachemsha na kuyachuja hadi protini zikaisha. Kikabaki kitu kidogo mno, chenye fosfati. Tulikitia kwenye seli za damu, nacho hakijionyeshi. Huingia ndani ya seli jirani, sura ya jirani ikageuka kidogo kwa nje, na gamma-delta hutambua kwa mgeuko huo kwamba ndani mna kitu. Baada ya siku chache unaziona kwenye darubini zimejikusanya vishada vishada. Nilizoea mengi katika kazi hiyo, lakini hilo lilinisisimua mwili kila mara.

Kisha seli zangu zikanyamaza.

Za Mama Odile, mwenzangu mzaliwa wa Lubudi, zilijaa vishada. Kwenye sahani yenye jina langu, Célestin, hapakuwa na kishada hata kimoja. Nilirudia mara tatu. Kabati lililozitunza lilikuwa na joto la mwili wa mtu, likinguruma taratibu, nami nilihisi nusu yangu imelala mle na haitaki kuamka. Niliogopa, na nyinyi vijana mnaonisikiliza nawaambia wazi, nilidanganya. Katika daftari niliandika matokeo ya Mama Odile kwa jina langu. Kikohozi kilichokuwa kimenianza nilikisingizia vumbi la malori ya migodi ya Fungurume.

Mama Odile alilisoma daftari. Alikuja akasimama kando yangu, akangoja nimalize kukohoa.

“Tata Célestin, mi siko wewe,” akasema, akiniita tata, yaani baba, kwa heshima. “Ukiandika damu yangu na jina yako, docteur atasema uko muzima. Sasa nani atakutafuta?”

Nilikwenda kukiri, nikitarajia kufukuzwa. Daktari Mkuu alifoka kwanza, kisha akaeleza kwamba kipimo chetu hakitambui ugonjwa. Seli hizo hunyamaza kwa sababu nyingi, hata kwa malaria ya mara kwa mara.

“Lakini uko unakohoa, tata. Leta makohozi.”

Kilikuwa kifua kikuu, kilicholetwa na kijidudu kilekile nilichokuwa nikikichemsha. Nilimeza dawa miezi mingi, nikapona.

Miaka ilipita. Siku yangu ya kustaafu, damu yangu ya mwisho ilikuwa bado kabatini. Waliniruhusu kuitazama kabla haijamwagwa. Vishada vilijaa, seli zikisukumana, hazina habari kwamba mwenyewe anaondoka. Nilisoma kwa sauti jina lililokuwa kwenye kifuniko. Mama Odile akaja kuhakikisha kwamba safari hii damu ni yangu.