Mkono wa Kulia wa Mama Uzi

Asubuhi ile mke wangu alikuwa anashona kola. Mimi nachemsha chai. Akapiga meza kwa kiganja, ndivyo alivyokuwa ananiita. Nikageuka. Akanionyesha: sweta umelivaa nje ndani. Kisha akaongeza jambo jingine kwa mikono miwili, upesi upesi, akacheka mwenyewe hadi akajishika ubavu. Hilo la pili sikulipata. Nikamwomba arudie, akapunga mkono: acha, chai inafurika. Na kweli ilikuwa inafurika.

Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho. Kabla ya adhuhuri alianguka pale pale kwenye cherehani.

Mtaani walimwita Mama Uzi. Homa ilimchukulia masikio akiwa mdogo. Shule hakwenda. Mimi pia sikwenda, kuandika nilijifunzia kazini, juu ya mbao. Yeye alishona kwa kuhisi. Kiganja juu ya meza, bobini ikianza kukwama anajua kabla uzi haujakatika. Kuongea tuliongea kwa ishara zetu za nyumbani. Chai hivi, mvua hivi, dada yako mwenye maneno mengi hivi. Tuliishi kwa hizo, nami nikaona zinatosha.

Tulikuwa na mvi tayari alipokuja fundi viatu kupunguziwa suruali. Naye kiziwi. Alimwona mke wangu akiniagiza mkasi kwa vidole, akaiweka suruali chini, akaanza kumsemesha kwa mikono. Mke wangu akanigeukia mimi. Mimi nijue nini? Fundi akamshika kiwiko, akampeleka mpaka barabarani, akamwonyesha ukumbi ulio nyuma ya kibanda chake. Huko viziwi walikuwa wanakutana kila Jumamosi.

Nilimsindikiza. Nilitegemea kimya. Loo! Viti vinaburutwa, watu wanapiga sakafu kwa miguu kuitana, vicheko vya kung'oa mabati. Mke wangu alisimama mlangoni na ishara zake za jikoni, hakuna hata mmoja aliyezielewa. Nikamvuta tuondoke. Akaubandua mkono wangu.

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Walimfundisha lugha ya alama kama unavyomfundisha mtoto kula. Wakampa na jina la mikono: vidole viwili mdomoni, mtu anayekata uzi kwa meno. Alitamba nalo kama aliyevaa nguo mpya. Akaja kunifundisha na mimi. Vidole vyangu vya useremala havikunjiki vizuri. Siku moja fundi viatu alisema kitu, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mke wangu akanifikishia kwa furaha kubwa: "Mumeo anaongea kama mtu anayepiga mswaki."

Jioni moja akanisimulia habari ndefu. Nilipata baba. Nilipata kiti. Kiti kilifanywa nini, sikupata. Akarudia, akarudia polepole, mpaka nikaelewa. Alikuwa mdogo, nyumba imejaa watu, kisha kiti cha baba yake kikatolewa nje. Ndivyo alivyojua baba amekufa. Hakuna aliyemwambia. Jambo hilo alikuwa nalo miaka yote tuliyolala chumba kimoja, hana pa kulisemea.

Hospitali walimwekea dripu mkono wa kulia, wakaufunga kwa plasta juu ya kibao ili usicheze. Alipozinduka akataka kusema, mkono haukuinuka. Akajaribu wa kushoto. Lugha ile ya mikono miwili, ukiisema kwa mkono mmoja, tena ule usiouzoea, inatoka vipande vipande. Na mimi hata ikiwa nzima inanipita.

"Mwanangu," nikamwambia nesi, "hamisha hicho kitu. Huo ndio mkono anaoongelea."

"Babu, wa kushoto mishipa haionekani. Nimemchoma mpaka namwonea huruma."

"Basi mguu."

"Mguu mpaka daktari aseme."

"Daktari yuko wapi?"

"Anakuja."

Hakuja. Mke wangu alirudia ishara ile ile, ananitazama. Nikampa maji. Siyo. Nikamvutia shuka. Siyo. Nikainua mto. Siyo. Nikamwita nesi tena, safari hii kwa kelele, wodi nzima ikageuka.

"Mmemziba mdomo! Mnamziba mtu mdomo, halafu mnaniambia nisubiri!"

"Babu jamani, nifanyeje?" Naye machozi yalikuwa yanamlenga.

Mke wangu akafumba macho.

Nikaenda kwa fundi viatu. Nikasema mke, nikasema kitanda, nikasema njoo. Hakunicheka. Aliacha kiatu cha watu kimepakwa gundi, tukaondoka.

Tulifika saa ya kuona wagonjwa inakaribia kwisha. Fundi akainama upande wa kushoto, uso kwa uso. Mke wangu akafumbua macho, akasema naye taratibu kwa mkono ule mmoja. Nilimwona fundi akiitikia, akiuliza, akiitikia tena. Wanaelewana. Mimi nimesimama miguuni pa kitanda kama mtu aliyekosea chumba. Nilikuwa nangoja kitu kimoja tu, anithibitishie kwamba anataka mkono ufunguliwe, nikamtafute huyo daktari popote alipo.

Fundi akanigeukia. Alinisemesha neno moja moja, akirudi nyuma kila nilipokwama, mpaka nikalipata lote. Mke wangu hakusema tena baada ya hapo. Nayaandika maneno yake kama nilivyopewa:

"Mwambie aache kugombana na yule binti. Huo mkono uacheni. Huu mwingine aje aushike yeye, nimemaliza kusema."