Joto la Saa Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya hali ya hewa pale Hola, Afisa Mkuu wa Kituo hakunionyesha hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kibanda cheupe cha vipimajoto.

"Inama, kijana," akasema. "Jicho lilingane na zebaki. Ukisoma umesimama wima, unaidanganya wilaya nzima."

Nikainama. Kiuno kinanikumbusha mpaka leo.

Nilihamishiwa Bangale, nikarudi Hola, kisha nikapelekwa Garsen wakati kazi yetu imeshaingia kwenye kompyuta. Umri ulikuwa umekwenda, lakini nilijifunza Python, lugha ya kuipa mashine maagizo, na sitaficha kwamba niliipenda. Raha yake ni maktaba, yaani kazi za kuchora zilizokwisha kuandikwa na wengine. Wewe unaziita tu. Unazipa tarehe, saa na joto, na miaka ya jua na mvua inajipanga mbele yako kwa mstari mmoja.

Vipimo vya Garsen vilisomwa na Bi Khadija, mama wa Kipini aliyeolewa huku. Nilipovichora, mchoro ulitoka kituko. Kila siku joto lilifika kilele asubuhi, na adhuhuri lilikuwa limeshapoa.

Mkurugenzi wa Takwimu, mkubwa wetu sote, alikuja kuuangalia.

"Hapa Garsen adhuhuri watu hujifunika blanketi?" akauliza. "Huyu mama anabuni. Futa vipimo vyake vyote, na kituo tukifunge."

Iliniuma sana. Wakulima wa Golbanti walimwamini Bi Khadija kuliko redio, na kazi yake ya miaka yote ilikuwa iende kwa kubonyeza kitufe. Nikaomba tumwone kwanza akisoma. Mkurugenzi akakubali, akafuatana nami mwenyewe.

Tulimkuta juani, kainama sawasawa mbele ya kibanda. Alisoma joto, kisha kwenye nafasi ya saa akaandika 9.

"Tisa ipi hiyo, mama?" Mkurugenzi akauliza.

"Saa tisa, mwanangu. Alasiri hii. Hulioni yua?"

Simu yangu ilionyesha 15:00. Mama alihesabu saa kama tunavyohesabu sote nyumbani. Kompyuta ilihesabu kuanzia usiku wa manane, ikaiona 9 yake kuwa saa tatu asubuhi, nasi tulioketi ofisini tukaifuata. Tulirudi naye ofisini, nikaongeza saa sita kwa mstari mmoja wa maagizo, na mchoro ukatulia, ukaenda sambamba na ule wa mashine ya Hola inayojipimia yenyewe.

Mkurugenzi alimgeuzia mama kompyuta. "Haya yote nilitaka kuyafuta. Nisamehe, mama." Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na wa kusema hivyo mbele ya wadogo wake ni huyo mmoja. Ninamheshimu sana.

Bi Khadija aliufuata mstari kwa kidole, taratibu, mpaka ulipokatika.

"Hapa sikusoma," akasema. "Ndipo nilipomzika mume wangu."

Nikasema maktaba inaweza kuliziba pengo lile kwa kukadiria.

"Liache wazi," akasema Mkurugenzi.

Sasa nimestaafu, nalima ndizi zangu. Vijana walioshika nafasi yangu hunipigia simu: mzee, mchoro wa Garsen una hitilafu, mstari umekatika, tuuunge? Nawaambia hakuna hitilafu. Siku ile mpimaji alikuwa na msiba.