Mabakuli Kwenye Nyumba ya Msiba

Heri niwasimulie mwenyewe, maana Garissa ni ndogo na najua mmeshaisikia nusunusu, na kila anayeisimulia huongeza chumvi yake ingawa kusema kweli mkasa huu hauhitaji chumvi. Yule mwanamke wa mabakuli matangani ni mimi. Si binamu yangu, si jirani yangu, ni mimi hasa, mke wa Omari fundi wa jenereta, na mpaka leo nikiona bakuli la plastiki lenye kifuniko cha zambarau nageuza njia.

Ilianzia kwenye mafunzo. Kulikuwa na kampuni moja (jina lake naliacha, lenyewe halikunikosea) iliyokuwa ikiuza vyombo vya kuhifadhia chakula, nayo haikuwa na duka, iliuza majumbani: unaalika wanawake, mnakunywa chai, unawaonyesha mabakuli, wanaopenda wananunua, na wenye tamaa kidogo wanajiunga ili nao waalike wenzao. Mkubwa wetu alikuwa Madam Carol wa Nairobi, mwanamke mchangamfu ajabu, anayezungumza kama mtu aliyemeza redio. Siku hiyo alisimama mbele yetu akatuambia watu wa biashara hii ni wa aina tatu.

"Kuna wa kulowesha kidole, huyu ananunua vyake tu. Kuna wa kuingia maji ya kiunoni, huyu anaita wageni mara mojamoja. Halafu kuna wa kupiga mbizi!"

(Madam hajawahi kuona mamba wa Mto Tana. Sisi wa hapa mtu akikwambia upige mbizi, unamuuliza kwanza mna ugomvi gani.)

Akataka kila mmoja anyooshe mkono kwenye aina yake. Mimi wallahi nilikwenda na nia ya kidole. Lakini mbele yangu alikuwa amekaa mke wa mwenye duka la vitambaa, yule ambaye tukikutana harusini hunitazama kama niliyeitwa kuosha vyombo, naye akanyoosha mkono kwenye maji ya kiunoni, basi sijui shetani gani alinishika, aliposema mbizi nikanyoosha mkono hata nikasimama. Nikapigiwa makofi. Nikapewa mkoba mkubwa wa sampuli na ahadi kwamba Madam mwenyewe atakuja kwenye karamu yangu ya kwanza, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kwangu ni chumba kimoja na mabati, mchana ni tanuri. Nikamwendea Fardosa. Fardosa ni Msomali wa Hulugho, kule karibu na mpaka, aliyeolewa hapa mjini, nyumba yake ina sebule pana yenye magodoro ya kukalia pande zote, na mtoto wangu alipolazwa hospitalini ni yeye aliyelala sakafuni pamoja nami, chini ya kitanda, wiki nzima. Nikamwambia shida yangu akacheka. "Abaayo, dada yangu, nyumba ni yako. Leta mabakuli, mimi nitapika chai." Nikamtumia Madam ramani ya nyumba ile kwenye simu, mambo yakawa yamekwisha.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla, mamake Fardosa akafariki kule Hulugho. Alizikwa mchana huohuo kama ilivyo desturi, na Fardosa hakuwahi, barabara ilikuwa imekatwa na mvua na hakuna gari lililokubali kumpeleka. Nilimkuta amekaa ukutani, simu mkononi, akisikiliza ndugu zake wakimzika mama yao. Nikamshika mkono tu.

Sasa hapa ndipo pa aibu. Jioni nilitoka pale nikijua lazima nimpigie Madam nivunje karamu. Nikapiga. Aliposema tu, "Mpiga mbizi wangu! Uko tayari?" ulimi ukaenda njia yake. Nilifikiri hivi (nasema nilivyofikiri, mnihukumu mkipenda): wanawake wote wa mtaa kesho watakuwa kwa Fardosa kutoa pole, na kwangu ni nyumba ya pili tu kutoka pale, si wakitoka wanaweza kupitia kwangu kidogo? Hata dakika chache? Nikamwambia, "Madam, usiwe na wasiwasi, wanawake watakuwa wengi kuliko tulivyopanga." Kuhusu msiba sikumwambia neno. Nikapanga kesho yake nimngoje barabarani nimwelekeze kwangu.

Jumamosi nikakaa na wafiwa tangu asubuhi. Sebule ilijaa, viatu vimerundikana mlangoni mpaka uani. Mwanamke mmoja alikuwa akisoma Yasini na sisi tumeinamisha vichwa. Kila nilipotaka kutoka kwenda kumngoja Madam, Fardosa alikuwa ameegemea bega langu, na ningemwondoaje? Simu nimeizima sauti, iko ndani ya buibui. Nikajiambia basi lake litachelewa, mabasi ya Nairobi huchelewa kila siku.

Siku hiyo halikuchelewa.

Tulichosikia kwanza ni muziki. Kisha Madam akatokea mlangoni, spika ndogo imening'inia begani, bango limeviringishwa kwapani, bakuli la zambarau mkononi. Ameifuata ramani niliyomtumia. Akaona viatu, akaona wanawake wamejaa hadi pembeni, macho yakamng'aa.

"Jamani Garissa! Mbona mmepoa hivi? Mabakuli oyee!"

Msomaji akanyamaza. Habaryar yake Fardosa, yaani mama yake mdogo, bibi anayeitwa Dahabo, akainua kichwa polepole, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Huyu naimba nini? Harusi iko wabi? Hapa sisi nalia."

Madam akadhani ni mzaha. Akanitafuta kwa macho, akaniona. "Mwanaidi! Hongera mama, kweli umewaleta!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Na mimi, badala ya kuinuka nimtoe nje, nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka nataka ardhi ipasuke. Nikasema, "Simjui huyu."

Madam akashangaa. Muziki bado unapiga, anabonyeza spika haizimiki, anazungumza juu yake kwa sauti. "Hunijui vipi? Si jana jioni umenipigia ukaniambia wanawake watakuwa wengi kuliko tulivyopanga?"

Fardosa akaondoa kichwa begani mwangu.

"Jana?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Jana jioni, ulipotoka hapa?"

Nikavuta buibui nikafunika uso, naye akaendelea.

"Jana ndiyo hooyo ameingia kaburini, na mimi sikufika."

Hapo Madam akaelewa. Akaivua spika akaifunika kwa mtandio wake, akaikumbatia mpaka ikanyamaza, akapiga magoti huku machozi yanamtoka, "Mnisamehe kina mama, sikuambiwa, Mungu wangu, sikuambiwa." Na mnajua walifanya nini? Bibi Dahabo alimshika mkono akamketisha kwenye godoro. "Wewe mgeni. Wewe hakuna kosa. Mbe yeye chai." Akapewa chai ya maziwa na tende, yeye Mkristo wa Nairobi, na akakaa pale analia pamoja nao kama ndugu.

Mimi hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenitukana pia. Walijisogeza tu, huyu kidogo na yule kidogo, mpaka nikabaki peke yangu kwenye godoro zima. Mwisho nikainuka, nikahangaika kutafuta viatu vyangu kwenye lile rundo huku wanaoingia wakinipa pole, wakidhani nalia kwa ajili ya marehemu.

Mkoba nilimrudishia Madam siku ileile, barabarani, hakunilaumu wala hakuniaga. Omari nilipomweleza akasema ni afadhali ningeiba.

Nilingoja arobaini ipite ndipo nikaenda kwa Fardosa kuomba msamaha. Alikuwa anaanua nguo uani. Nilisema yote, hata yale ambayo hakuwa akiyajua, naye akawa anakunja tu, shuka baada ya shuka. Nilipomaliza akanitazama.

"Nimekusamehe, kwa ajili ya Mungu. Salamu tutapeana, watoto watacheza." Akainua karai lake la nguo. "Lakini nikifiwa tena, usije."

Akaingia ndani. Tangu siku hiyo, jamani, mimi sikusanyi watu kwa jambo lolote, na nikialikwa mahali naulizia kwanza kama na yeye atakuwepo, nisije nikamtia uchungu kwa kuniona.