Mawese ya Treni

Leo nimepita mbele ya gereji, katika mji ambao sijakaa hata wiki, na harufu ya mawese juu ya chuma cha moto imenirudisha Kindu, mji nilikokulia.

Wakati wa vita treni hazikutembea. Baba yangu, fundi wa reli, aliendelea kwenda stesheni kila asubuhi. Grisi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alichukua mawese ya mama akapaka magurudumu yasishikwe na kutu. Nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta.

Siku moja nilipita pale na wenzangu tukitoka shuleni. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya behewa lililochomwa na jua, mikono myekundu kwa mawese mpaka kwenye viwiko. Niliona haya hata kabla hawajacheka.

“Muangalie ule muzee, anapikia treni!”

“Treni yake iko na njaa!”

Mmoja akanigeukia. “Ule si njo baba yako?”

“Hapana,” nilijibu kwa sauti. “Mimi simujui.”

Baba aliinua kichwa. Alikuwa amesikia. Akajifuta mikono taratibu, akawasalimia wenzangu, kisha akaniangalia mimi.

“Jambo, mutoto. Ukifika kwenu, usalimie baba yako.”