Mume wa Nani

Mama mwenye gazeti letu la Nakuru huhariri hotuba za wanasiasa akiwa ameketi, akinywa chai. Tangazo la kifo hulisoma amesimama, kwa sauti, kidole chenye wino kikitua kwenye kila jina, na aliyelileta sharti asikilize hadi mwisho. Jumanne alikuja mwanamume wa Rongai na tangazo la babake, Mzee Kibii. Kidole kilifika kwenye “mume wa” kikasimama.

“Hapa kuna mke mmoja. Jebet yuko wapi?”

“Huyo hatumjui, mathe.”

“Mimi namjua. Siku ya harusi yake nilikula nyama, na wewe ndiye uliyenipakulia.”

“Weka tu vile iko. Hiyo karatasi inaenda kortini, mambo ya shamba.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Mwanamume alinyakua karatasi yake, akasema gazeti si hili pekee. Mama hakumzuia, alimpa pole ya msiba, kwa mikono miwili. Kisha akavuta karatasi nyingine, akayaandika majina ya familia ile kutoka kichwani, mke mkubwa kwanza kama desturi inavyotaka, Jebet wa pili, na juu ya tangazo hilo jipya akaandika: Ijumaa, ukurasa wa kwanza.